Kitanda cha Mama Mkwe

Kuna wanaume wanaopenda wake zao, kuna wanaopenda mpira, na kulikuwa na Baba Mapacha, aliyependa sofa. Usicheke. Ningekuwa nazua ningezua kitu cha maana zaidi. Sofa lenyewe lilikuwa la kahawia, limebonyea katikati kwa umbo la makalio yake, na alikuwa nalo tangu hajaoa. Mke wake, msusi mwenye mikono myepesi na ulimi usiopumzika, alilipiga marufuku sebuleni siku alipoleta viti vyake. Kwa hiyo sofa likaishi barazani, na Baba Mapacha akaishi juu ya sofa.

Sasa walikuwa wanahama. Nyumba mpya ilikuwa na chumba kimoja cha ziada, na Baba Mapacha alishakipanga kichwani: sofa ukutani, redio dirishani, mlango umefungwa, mapacha wanagonga wee mpaka wanachoka. Ndipo jioni moja mke wake akasema, huku akikunja nguo za watoto, "Mama anakuja kukaa na sisi. Atalala kile chumba cha ziada."

"Mama yupi?"

"Wangu. Kwani una mwingine aliyebaki?"

Ugomvi na mama mkwe wake hakuwa nao. Bibi wa watu alikuwa mpole, akiongea utadhani anaomba radhi kwa kupumua. Lakini alikuwa na kwake, kwa mwanawe wa kiume, na Baba Mapacha hakuona kwa nini pasiendelee kuwa kwake.

"Chumba kidogo kile," akasema. "Sofa likiingia, kitanda hakiingii."

"Umekipima?"

"Nimekiona."

"Basi kakipime, uchore, tuone. Vikiingia vyote, mchana utakaa wewe na sofa lako, usiku atalala mama. Visipoingia, tutajua cha kutoa."

Baba Mapacha alisikia maneno yote isipokuwa yale ya mwisho, ambayo ndiyo yaliyokuwa na miiba.

Na kuchora kulikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyechora mabango ya maduka mtaani kote, hata watu wakamwita Rula. Mtu anayeweza kumkuza kuku wa ukubwa wa kidole gumba mpaka akajaa ukuta mzima wa bucha, atashindwa na chumba? Akachukua tepu, akaenda kwenye nyumba mpya, akapima huku mpangaji wa zamani akifunga vyombo vyake. Urefu mita nne. Upana mita tatu.

Aliporudi akaketi mezani na karatasi safi. Akaamua kwamba kila sentimita moja ya karatasi itabeba sentimita ishirini za chumba. Kwa hiyo mita nne zikawa sentimita ishirini, na mita tatu zikawa kumi na tano. Akauweka mlango mahali pake na dirisha mahali pake. Kisha akachukua kadi ngumu, akakata sofa na kitanda kwa kipimo hicho hicho, akaviweka ndani.

Vikaingia. Tena viliingia vikabakiza uwanja katikati ambao ungetosha ngoma ya harusi. Moyo wa Baba Mapacha ukamshuka hadi kwenye kandambili.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi naye. Chumba hakuweza kukipunguza, maana mke wake angekuja kukiona kwa macho. Lakini vipande vya kadi, nani atavipima? Akavitupa vile vya kwanza, akakata vingine, na safari hii kila sentimita ya kadi ilibeba sentimita kumi na mbili tu. Kitanda cha kawaida, cha urefu wa sentimita mia moja na themanini, kikawa na sentimita kumi na tano za kadi, na upana saba na nusu. Sofa likawa na urefu wa kumi na nane kwa upana wa nane. Akaviweka ndani ya kile chumba cha karatasi, akavigeuza hivi na hivi, akafurahi kwelikweli. Nane na saba na nusu ni kumi na tano na nusu, na chumba kina kumi na tano. Vimekataa kwa nusu sentimita. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba uongo mkubwa ndio unaokamatwa, mdogo hupita na kupewa chai.

Chini kabisa, kwa mwandiko wake mzuri wa mabango, akaandika: *Kipimo: sentimita 1 kwa sentimita 20.*

Mke wake aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akausogeza mgongo wa kitanda ukutani. Akakigeuza kikasimama wima. Akabana, akasukuma, akapuliza.

"Nusu sentimita tu?"

"Nusu ya karatasi, mama watoto. Chumbani hiyo ni sentimita kumi nzima. Ukuta haukunjwi." Akatikisa kichwa kwa huzuni aliyoitengeneza barabara. "Pole kwa mama. Labda mwakani."

Mke wake akalinyanyua sofa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nywele kwenye mchuzi, akaliweka kando ya kikombe.

"Sasa kimeingia," akasema.

"Lakini sofa..."

"Karatasi imesema. Si umechora mwenyewe?"

Kuikana karatasi ni kujikana yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na rula mkononi. Kesho yake kinyozi wa pale njia panda alikuja na mkokoteni, akalichukua sofa kwa ajili ya wateja wake, akishukuru mpaka akaudhi. Baba Mapacha alisaidia kulibeba. Usiniulize alijisikiaje. Alikuwa na uchungu, basi.

Mke naye hakulala. Akakigundisha kile kipande cha kitanda kwenye karatasi, mahali alipotaka kikae, akaipeleka karatasi yote kwa seremala. Kwa kuwa kulikuwa na kufunga mizigo, na kufua mapazia, na mapacha walioamua kusafiri ndani ya sufuria, hakuna aliyemwambia Baba Mapacha neno.

Siku ya kuhamia alichelewa kwa sababu ya bango moja la duka la viatu. Alipoingia katika kile chumba cha ziada akamkuta seremala amepiga magoti, anapigilia msumari wa mwisho, na mbele yake kuna kitu kilichoanza karibu na mlango na kuendelea.

"Fundi, hili ni daraja?"

"Kitanda chenu," akasema seremala, bila kuinua uso.

"Kitanda cha mtu mmoja?"

"Mimi sikupima watu, nimeletewa karatasi. Kitanda sentimita kumi na tano, zidisha kwa ishirini, mia tatu. Upana saba na nusu, zidisha kwa ishirini, mia na hamsini. Nikamuuliza shemeji, huyo mama ana urefu gani? Akaniambia mume wangu ni mchoraji, hakosei, fuata karatasi. Basi nimefuata." Akajifuta jasho. "Kuna mteja nilimrekebishia kabati kwa akili zangu mwenyewe, alinitukania ukoo mzima. Tangu siku hiyo akili zangu naziacha nyumbani."

Mita tatu kwa mita moja na nusu. Wakaweka godoro walilomnunulia mama juu yake, likaonekana kama stempu kwenye bahasha. Na bado, ndugu msomaji, bado chumba kilikuwa na nafasi. Baba Mapacha alitazama ule ukanda mtupu uliobaki upande wa pili, akaupima kwa jicho, na jicho la mchora mabango halidanganyi hata likitaka. Mita moja na nusu. Sofa lingekaa pale hata na hili daraja likiwemo, na mtu akapita katikati bila kujikwaa. Akaegemea ukuta.

Mke wake akaingia. Akatazama kitanda. Akatazama ule ukanda mtupu. Kisha akamtazama mume wake, taratibu, kuanzia kwenye viatu kupanda juu. Alifungua mdomo, na hapo teksi ikapiga honi nje.

Mama mkwe aliingia na begi dogo na mto kwapani, kwa sababu hakutaka kuwasumbua watu kwa habari ya mito. Alikuwa mfupi hivi kwamba mapacha walikuwa karibu kumfikia. Akasimama mbele ya kitanda kile, akaweka begi chini.

"Tutalala wangapi?" akauliza.

"Wewe peke yako, mama," akasema binti yake.

Yule bibi akaweka kiganja juu ya ubao, akatembea nacho kutoka kichwani hadi miguuni, na ilikuwa safari. Alipofika mwisho machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kwa kaka yako nililala kwenye benchi ya jikoni, nimejikunja kama mkasi. Kabla sijatoka nilijiambia, nenda, lakini usiombe kitu. Kwa mkwe utapewa kona." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Nani alipima?"

Mke akakunja mikono kifuani, akasubiri. Baba Mapacha aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Alikuwa amekaa na rula kutwa nzima akitafuta njia ya kumfungia nje bibi huyu, na sasa bibi huyu anamlilia kwa shukrani.

"Mimi, mama," akasema. "Lakini ukweli ni kwamba nilikosea."

"Basi usirekebishe, mwanangu," akasema mama mkwe haraka, kama anayeogopa msumeno. "Kosea hivyo hivyo."

Mke wake alitoka nje mbio, na sauti yake ya kucheka ikasikika kutoka uani, ikakatika, ikaanza upya. Aliporudi alikuwa anafuta macho. Alipita karibu na sikio la mumewe, akamwambia kwamba huo mzigo mwingine wa maneno atamshushia baadaye, na kwamba kinyozi haombwi kurudisha sofa alilopewa.

Jioni hiyo viti vilikuwa bado vimefungwa kamba, kwa hiyo wote wakakaa kwenye kitanda. Mama mkwe alikaa upande wa kichwani, akafuata mke, wakafuata mapacha, kisha sinia la vikombe, kisha nafasi tupu. Baba Mapacha alijibanza kwenye pembe ya mwisho kabisa, miguuni, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Mama mkwe alimsemesha neno, hakusikia. Akamsemesha tena.

"Sogea huku, mwanangu," akapaza sauti. "Umekaa mbali mno."

Akasogea.