Kumbeba Tulia

Lusungu alikuwa ameapa kwamba siku hiyo hayumbi, hata mguu ule bandia umuume vipi. Akiyumba, mwanawe Tulia anarudi Isongole na bibi yake. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano tangu bodaboda ilipoteleza kwenye matope ikamwachia mguu mmoja: mtoto akae kwa bibi mpaka mama yake aweze kumbeba bila kumwangusha. Erasto, mumewe, hakuthubutu kumbishia mama yake. Na sasa mama mkwe huyo alikuwa kwenye benchi la kliniki hapo Tukuyu, Tulia mgongoni, macho hayabanduki.

Benedicto, fundi wa viungo bandia, alimbandika Lusungu vipira vidogo vinavyong'aa nyongani, magotini na mabegani. Kamera zilivifuata kila alipopita, na kwenye kompyuta akatokea mtu wa mistari mitupu, asiye na sura wala aibu. Lusungu alimchukia papo hapo. Yeye alijikaza, akatabasamu, akapita kwenye njia ya mbao kama bibi harusi. Mtu wa mistari akainama mbele, akasema yote.

"Dada, mbona unainama?" Benedicto aliuliza. "Nyumbani huwa unabeba nini?"

Lusungu aliona siri yake imefichuka. Kila asubuhi alifunga kiroba cha mahindi kwa mbeleko, akapanda nacho mteremko wa shamba la migomba kujizoeza, na hakuwa amemwambia mtu.

"Mahindi," alisema kwa sauti ndogo. "Nikiteremka, mguu unanisukuma. Nimeshaanguka."

"Si nilisema!" mama mkwe alidakia. "Angekuwa mtoto, je?"

Benedicto alijipiga kofi kwenye paji la uso. Mguu alikuwa ameulinganisha kwa mtu asiyebeba kitu, utafikiri Rungwe hii kuna mwanamke anayetembea mgongo mtupu! Alilegeza skrubu za kifundo cha mguu huo, akakiinamisha kidogo, akakaza, kisha akaanza kutafuta mfuko wa mchanga wa kujaribia.

"Mfuko haujipindui kama mtoto," Lusungu alisema. "Mama, nipe Tulia."

"Gwe Lusungu, usinitafutie kilio."

"Tembea karibu yangu. Nikiyumba mchukue, na sitamdai tena."

Benedicto aliacha kuutafuta mfuko. Mama mkwe akafungua mbeleko polepole, wakamfunga mtoto mgongoni mwa mama yake.

Lusungu akapanda mwinamo wa mbao, akageuka, akaanza kuteremka, mama mkwe kando yake amenyoosha mikono. Katikati Tulia aliona kipira kinang'aa begani, akajirusha kukishika. Uzito wote ukaenda upande mmoja. Goti likalegea. Lusungu akaona mikono ya mama mkwe inakuja.

"Bado!" alifoka, kwa sauti ambayo mkwe hafokewi nayo.

Akakanyaga kwa kisigino. Mguu ukashika, haukumsukuma. Akateremka mpaka chini, akasimama, akalia bila kujificha.

Kwenye kompyuta mtu wa mistari alikuwa amenyooka. Benedicto alimwita mama mkwe aje aone, lakini mama hakwenda. Alikuwa anamtazama Tulia, aliyelaza shavu mgongoni kwa mama yake. Lusungu, kwa uoga wa kumkosea mkwe zaidi, akaanza kufungua fundo la mbeleko.

"Mwache," mama mkwe alisema, akalikaza fundo kwa mkono wake mwenyewe. "Nguo zake nitazileta kesho."