Thelathini na Nne

Ofisini walimpachika jina la Kijani, kwa kuwa kila jaribio aliloiandikia programu lilitoka na alama ya kijani, yaani limefaulu. Asubuhi ile yote arobaini yalikuwa ya kijani, na bado mwenyewe hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda kuchungulia birika lisilo na maji, akarudi. Saa sita toleo jipya la programu lingetumwa hospitalini, kwenye mashine za joto za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Katika mojawapo alilala mtoto wa mdogo wake, mwenye siku tisa.

Kilichomkera ni jaribio moja, aliloliita "Jaribio la saba". Lilisoma nakala ya faili la mipangilio, ambamo wauguzi huandika joto la kila mtoto, na kuhakikisha programu inapata 36. Sasa jina kama hilo linamwambia nani nini? Hata yeye aliyelizaa hakukumbuka alitaka kujua nini.

Simu ikalia. Ni mdogo wake.

"Dada, wamemshushia joto! Thelathini na nne. Nesi anasema ameanza kujimudu."

"Hongera, mama mtu!" Huku akicheka, alifuta 36 kwenye nakala ile ya faili na kwenye jibu lililotarajiwa, akaandika 34, kwa raha tu ya kumwona mtoto ndani ya kazi yake. Akabonyeza.

Nyekundu. Programu imejibu 36.

Akaifungua programu, akaona kosa. Toleo jipya, likikuta mstari mtupu mwanzoni mwa faili, kama uliokuwamo kwenye nakala yake, liliacha kusoma na kujiwekea 36, joto la kuanzia. Na yeye, kwa uvivu wake, alikuwa ameuliza 36 hiyohiyo. Jaribio lilikuwa likiitikia tu bila kusikiliza.

"Dada, upo?"

"Nitakupigia."

Alimkimbilia mkuu wa kitengo. "Bosi, usitume."

"Si umesema yote kijani?"

"Nilisema. Ilikuwa kijani ya uongo, na kosa ni langu." Aibu ilimchoma, akaimeza.

Akarudi kitini, akalibatiza jaribio upya: "Joto aliloandika nesi ndilo linalotumika, hata faili likianza na mstari mtupu." Lilibaki jekundu. Saa sita ikapita, hakikutumwa kitu. Ndipo akapiga simu.

"Mwanao yuko kwenye ngapi?"

"Si nimekwambia? Thelathini na nne."

"Niambie tena."