Sindano, Trekta na Marehemu

Wakhisi alikuwa na miguu mizuri, na hiyo ndiyo iliyomponza. Ilikuwa miguu ya mtu aliyekulia vilima vya Webuye, akipanda na kushuka na madumu ya maji tangu utotoni. Alipokuja Kisumu kupakia magunia kwenye ghala la nafaka, aliona miguu hiyo inakaa bure, mgongo peke yake ndio unaoumia. Akanunua maunteni. Ilikuwa baiskeli ya mtumba iliyoingia na kontena kutoka ng'ambo, nyekundu, matairi yake manene yenye meno, na siku ya kwanza kuipanda alipewa kabila jingine juu ya lile alilozaliwa nalo. Akawa Trekta.

Kwa maana katika Kisumu ya mwaka wa tisini na tatu, waendesha baiskeli wa kujifurahisha walikuwa wa aina mbili. Wenye sipoti, zile baiskeli nyepesi za mbio zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na matairi membamba, waliitwa Sindano. Wenye maunteni waliitwa Trekta, kwa kuwa matairi yao yalifanana na ya yale matrekta yanayovuta miwa kule Muhoroni. Kila upande ulijua kila kitu kuhusu mwenzake, na karibu yote yalikuwa uongo. Sindano walisema Trekta ni watu wa mizigo, hawaogi, na ukiegesha baiskeli karibu nao utarudi ukute pampu imeota miguu. Trekta nao walisema Sindano si wanaume kamili, kwani mwanamume gani ananyoa miguu na kupita mbele za wakwe na kaptura ya kubana namna ile? Saleh, kiongozi wa Sindano, alikuwa na wake wawili na nyumba iliyojaa watoto. Gordon, aliyekuwa mdomo wa Trekta, alifundisha shule ya Jumapili, na kola yake ilikuwa nyeupe kuliko ya Saleh. Hayo hayakumzuia mtu kusema.

Walipokutana barabarani, Sindano walipaza sauti, "Shamba!" Yaani trekta irudi shambani, iwapishe watu. Trekta walijibu, "Pole bibi!" Basi hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao.

Usidhani ni mchezo tu. Dalmas, Trekta wa siku nyingi, aliwahi kushawishika akanyoa miguu ili aendeshe sipoti ya binamu yake. Gordon akamgundua. Walimkamata katikati ya soko la Kibuye, wakampandisha suruali hadi magotini, wakamfunga leso kiunoni na kumwimbia nyimbo za bibi arusi huku wauza nyanya wakishikilia mbavu. Dalmas alihamia Usenge, akawa mnunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na mpaka leo hajakanyaga Kibuye. Wakhisi alikuwepo siku hiyo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na ndiye aliyeleta leso.

Sasa kiwanda kimoja cha sukari huko Muhoroni kikatangaza kwamba kinaunda timu ya baiskeli. Atakayechaguliwa angepata ajira, nyumba ya kampuni na sipoti mpya, na uchaguzi ungefanywa kwenye mbio za Jumapili kutoka Kisumu hadi Kakamega. Wakhisi aliposikia hivyo hakulala vizuri. Alikuwa amechoka na magunia, amechoka kuamka akiwa ameinama kama mzee. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Saleh naye alikuwa amemwona. Siku moja kwenye mlima wa Kiboswa, Wakhisi akiwa na trekta lake, alimganda Saleh nyuma mpaka juu, na Saleh hakulisahau hilo. Akamwita kwenye duka la vitambaa la baba yake.

"Sikiliza, Bwana Wakhisi," alisema huku akikunja kitambaa. "Sipoti nitakuazima. Ila unyoe. Mguu wa manyoya haupandi baiskeli yangu."

"Kwani ni lazima?"

"Ukianguka, kidonda kinasafishika vizuri. Hiyo ndiyo sababu tunayowapa watu. Sababu yangu mimi ni kwamba sitaki kuambiwa nimeokota Trekta."

Wakhisi aliomba ruhusa ghalani, akanyoa Ijumaa mchana, katika chumba cha Kaloleni alichokaa na Simiyu. Simiyu alikuwa mtu wa kwao, wa kilima kile kile, mpakiaji na Trekta mwenzake. Mama yake Simiyu alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na aliyemlea kwa uji na kwa kofi ni Nabututu, mama yake Wakhisi. Simiyu alimwita mayi, yaani mama, kama Wakhisi alivyomwita. Siku hiyo alitarajiwa kurudi jioni, lakini magunia hayakuja ghalani, akarudi mapema, na nyuma yake alikuwa Gordon aliyetaka kuazima pampu.

Wakhisi alikuwa ndiyo kwanza ameshusha suruali kufunika miguu. Wembe alikuwa nao mkononi. Mbele yake palikuwa na karai la maji ya sabuni, na nywele zikielea juu yake.

Kwao Wakhisi, nywele ndani ya karai zina maana moja tu. Mtu akishazikwa, wa nyumba yake wananyolewa. Simiyu alisimama mlangoni, akalitazama karai, akamtazama mwenzake. Uso wake ukabadilika.

"Wakhisi," alisema polepole. "Nani?"

Angeweza kucheka. Angeweza kusema ni miguu tu, ndugu yangu, nataka kazi, na Simiyu angemsonya kidogo kisha yangeisha. Lakini Gordon alikuwa amechungulia juu ya bega la Simiyu, macho yake yakishuka kuelekea pindo la suruali, na Wakhisi akaiona leso ile, ikiwa kiunoni mwake mwenyewe.

"Mama," akasema.

Lilitoka jepesi hivyo. Simiyu aliketi chini kwenye sakafu kama mtu aliyekatwa kamba. Gordon akavua kofia.

"Omera, ndugu yangu, pole," Gordon alisema. "Pole sana. Mama ni mama."

"Alizikwa Jumatano," Wakhisi aliendelea, maana uongo ukishaanza unataka kulishwa. "Utingo wa basi ndiye ameniletea habari leo."

"Na hakuna mtu aliniita mimi?" Simiyu aliuliza. "Hata mimi?"

"Hata mimi nimejua leo."

Simiyu hakuuliza mbona kichwa cha Wakhisi bado kina nywele tele. Aliona mwenzake amechanganyikiwa, ameanza kujinyoa ovyo peke yake, kitu ambacho hakifanywi. Akainuka, akamtoa wembe mkononi, akamkalisha juu ya ndoo na kumnyoa kichwa kizima taratibu. Machozi yake yalidondoka kwenye utosi wa Wakhisi na kuchanganyika na sabuni. Gordon, yule yule wa leso, alishika karai. Alipomaliza, Simiyu alijinyoa na yeye.

Jumamosi asubuhi Wakhisi alisema anakwenda kupanda basi. Aliwaambia wasijisumbue kuja kutoa pole, wangoje wiki nyingine, na wote wakaitikia kwa kichwa. Akaamini kwa sababu ilimfaa kuamini. Hakwenda stendi. Alikwenda kulala kwa Saleh, ambaye alimpokea mlangoni akacheka kwa furaha na kumpapasa upara.

"Mpaka kichwa," Saleh alisema. "Huyu ndiye Sindano."

Mbio zilianza Jumapili asubuhi. Sipoti ilikuwa nyepesi, Wakhisi alihisi amepanda hewa, na kufika Majengo alikuwa na Saleh na wengine wachache mbele ya watu wote. Walipokaribia Chavakali, kwenye mlima, waliwaona mbele yao watu wa maunteni wametanda barabarani. Walikuwa wamefunga matawi ya majani mabichi kwenye usukani, kama ifanyavyo misafara ya msiba. Walikuwa wametoka Kisumu alfajiri ili wafike Webuye mchana. Aliyetangulia alikuwa na sufuria kubwa na gunia la unga nyuma, na kichwa chake kiling'aa kwa jua. Ulikuwa upara mpya.

"Haya, mgeni," Saleh alisema, akihema. "Hiyo ni kazi yako. Tufungulie njia."

Wakhisi alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Miwani ya kuazima alikuwa nayo. Kiwanda kilikuwa mbele na magunia yalikuwa nyuma, na katikati alikuwa Simiyu. Alivuta pumzi.

"Shamba!"

Hakuna Trekta aliyesema pole bibi siku hiyo. Walisogea kando mmoja mmoja, na Simiyu, kwa uzito wa mzigo wake, aliyumba akaingia mtaroni, unga ukamwagika. Akainua mkono kuwaomba radhi.

"Tuko na msiba, ndugu zangu," alisema. "Piteni tu."

Sindano walicheka wakapita. Wakhisi alikanyaga kwa nguvu ambayo hakujua anayo, akamwacha Saleh, akawaacha wote, na Kakamega akafika wa kwanza. Trekta walipokuwa wanapita katika mji huo, vumbi limewajaa mpaka kope, yeye alikuwa ndani ya hoteli akila kuku na mabwana wa sukari. Nafasi aliipata.

Jumatatu alirudi Kaloleni kuchukua vitu vyake. Alikuwa ameandaa maneno njiani. Alimkuta Simiyu amekaa kitandani, na vitu vya Wakhisi vimeshafungwa, vimewekwa mlangoni kwa utaratibu. Maunteni nyekundu ilikuwa imeegemezwa juu yavyo.

"Mlifika?" Wakhisi aliuliza.

"Tulifika. Tulianzia vilio kwa lango, kama desturi. Yeye akatoka na ungo wa maharagwe. Akauliza tunamlilia nani. Gordon akaanguka chini kabisa, akadhani ni mzimu."

Wakhisi alitaka kucheka.

"Nikamwambia ni wewe umesema," Simiyu aliendelea, bila kupandisha sauti. "Akaniuliza kama ni kweli umenyolewa. Nikasema ndiyo. Akauliza ni nani alikunyoa. Nikasema ni mimi."

"Nitaenda nimweleze, Simiyu. Ni mambo ya mbio tu. Ataelewa."

"Akaniomba wembe. Akakaa chini pale mlangoni, mbele ya watu, akaniambia nimnyoe. Nilikataa. Basi akajinyoa mwenyewe. Sasa tuambie wewe, mama ananyoa akifiwa na nani?"

Wakhisi alivitazama vitu vyake pale mlangoni.

"Halafu akatupikia. Alisema watu wa msiba hawarudi na njaa. Tulikula matanga yako, Wakhisi." Simiyu alisimama, akamfungulia mlango. "Na tulipokuwa tunarudi, Gordon akatambua ni wewe uliyetupita pale barabarani. Si kwa uso. Alisema miguu ile, hata uinyoe namna gani, ni ile ile."

Kisumu haikosi jina la kumpa mtu. Kufikia mwisho wa wiki, kutoka Kondele hadi Kibuye, Wakhisi alikuwa anaitwa Marehemu. Trekta walipomwona walivua kofia na kuinamisha vichwa mpaka apite. Sindano hawakujua kisa chote, lakini jina liliwanogea, wakalichukua. Hata Saleh, aliyesema huyu ndiye Sindano, alikuwa akimtambulisha kwa wageni hivyo, "Na huyu ni Marehemu wetu, anakimbia ajabu." Jina lilimfuata mpaka Muhoroni, likamkuta kwenye nyumba ya kampuni, na makarani waliliandika kwenye ubao wa mazoezi bila kujua wanachoandika.

Alichelewa kwenda nyumbani. Kwanza alisema angoje hasira ipoe, kisha angoje mbio fulani, kisha angoje likizo. Nywele za kichwani ziliota. Za miguuni alizinyoa kila Jumamosi, kwa kuwa ndiyo sheria ya timu, na kila alipotazama ndani ya karai alimwaga maji haraka.

Hatimaye alikwenda, kwa baiskeli, akiwa na sare ya timu na kilo za sukari mgongoni. Njia yote alijisemea kwamba mama ni mama. Alimkuta Nabututu uani anapepeta mtama. Alikuwa amekonda, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya. Aliinua macho, akamtazama kuanzia kofia mpaka kwenye ile miguu mitupu, iliyong'aa kwa jasho na mafuta.

"Karibu, bwana," alisema. "Unatafuta nani?"

Alisema kwa Kiswahili. Maishani mwake hakuwahi kumsemesha mwanawe kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa lugha yake ya sokoni, ya askari na ya wageni.

"Mayi," Wakhisi alisema kwa Kibukusu. "Ni mimi. Ni Wakhisi wako."

"Wakhisi alikufa," mama alijibu, bado kwa Kiswahili, kwa upole ule unaotumiwa kwa watu waliotoka mbali. "Kama ulikuwa rafiki yake, pole na wewe. Keti nikuletee chakula. Watu wake wote waliokuja hapa walikula."

Akamletea kigoda na sahani ya ugali na mboga, akamwagia maji mikononi kama anavyofanyiwa mgeni, kisha akarudi kwenye mtama wake na kumpa mgongo. Wakhisi aliita tena, na tena, kwa majina yote ya utotoni aliyoyakumbuka. Mama aliendelea kupepeta. Kutoka Muhoroni hadi pale alikuwa hajatia kitu tumboni, na jua lilikuwa limeshapinduka. Akavuta sahani, akala.