Bamba la Tingatinga

Wakati ule wa ruksa ya biashara huria, marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa kila wiki Kilosa, humo ndani mlitoka kila kioja. Mwinshehe, muuza nguo za watoto sokoni, alikuta boksi la tingatinga la kivita: visehemu vya plastiki vya kuunganisha kimoja kimoja mpaka kipatikane kifaru kidogo, chenye bamba la kusukumia udongo mbele. Aliacha meza yake wazi, akakimbilia kwa Nikolaus.

Wawili hao waliwahi kufanya kazi na tingatinga la namna hiyo jeshini, wakati wa vita vya Kagera. Nikolaus aliendesha, Mwinshehe alitangulia kwenye tope akimwonyesha njia kwa mikono. Tena walikuwa watani. Mwinshehe Mluguru, Nikolaus Mnyamwezi, mjukuu wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Na mtani hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo.

Zilikuwa Jumapili tamu zile. Walikaa barazani na gundi ya fundi viatu, vidole vinene vikihangaika na magurudumu madogo kama punje za mtama, wakibishana ni nani hasa aliyelizamisha tingatinga la jeshi mtoni.

"Wewe ulinionyesha kulia!"

"Nilikuonyesha kushoto, Mnyamwezi. Kushoto hukujui mpaka leo."

Kikabaki kipande kimoja tu, lile bamba. Mwinshehe akalichomoa kisirisiri, akalitia mfukoni. Siku ya pili akapeleka salamu: bamba limetekwa, halirudi bila jogoo mweupe. Nikolaus akaapa hatoi hata unyoya.

Baadaye Nikolaus alihamia Mikumi kwa bintiye Letisia, aliyekuwa akiwapikia madereva wa malori kwenye barabara kuu. Alikwenda na tingatinga lake lisilo na bamba. Matusi yakawa yanasafiri na malori ya mbao, huku na huko, mwaka mzima. Mwinshehe aliyangoja kuliko barua za ndugu zake.

Ndipo dereva mmoja akaleta ujumbe mwingine: Nikolaus anaumwa sana, anaomba bamba lake.

Mwinshehe alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie ugonjwa wa kukwepa jogoo naufahamu. Akishindwa kabisa, alete kuku jike."

Juma lililofuata dereva yule yule alirudi, safari hii amevua kofia.

Mwinshehe alifika Mikumi asubuhi ya maziko, bamba mfukoni, gundi mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Letisia, macho yamevimba.

"Marahaba, mwanangu. Kiko wapi kile kidude chake?"

Alipewa. Akakaa kwenye kizingiti, akalibandika bamba na kulishikilia mpaka likauke, machozi yakimtiririka. Alijichukia. Rafiki yake alimwita kwa kweli, naye akadhani utani.

Lakini mtani ana kazi yake msibani, alie au asilie. Jeneza lilipofikishwa makaburini, Mwinshehe alipanda juu ya kifusi cha udongo, akakaa.

"Hazikwi mtu hapa! Huyu ana deni langu. Jogoo wangu yuko wapi?"

Watu wakacheka, kama desturi inavyotaka. Letisia hakucheka. Alipita katikati yao, akamwekea mapajani jogoo mweupe aliyefungwa miguu.

"Baba alinituma nimnunue siku ile majibu yako yalipofika. Alicheka sana, baba mdogo. Hakuwa amecheka mwezi mzima. Akasema, 'Huyo Mluguru atakuja kuzuia kaburi langu, msimwache aondoke mikono mitupu.'"

Mwinshehe akamkumbatia jogoo wake. Akashuka, akapisha njia.

Zamu yake ya kutupia udongo ilipofika, hakuuchota kwa mkono. Alipiga magoti ukingoni, akaliweka tingatinga chini, akalisukuma polepole. Bamba likabeba udongo kiasi cha kiganja, likaudondosha ndani.

"Kushoto, Nikolaus," alisema Mwinshehe. "Kushoto kidogo. Hapo hapo, ndugu yangu. Simama."