Sindano Fupi za Santina

Jumanne ya pili ya mwezi wa Februari, saa nne asubuhi, Ermelinda Bonsi alikuwa akipaka mafuta ya kitani kwenye kitako cha bunduki, mkono wa tatu. Alipaka kwa kiganja, si kwa kitambaa, maana joto la kiganja ndilo linaloyaingiza mafuta kwenye mbao ngumu ya mti wa jozi. Alikuwa na miaka sitini na sita na alishastaafu, lakini kiwanda kilimwomba arudi. Vijana walikuwa wanapaka kama mtu anayepaka mkate siagi.

Bunduki zenyewe zilikuwa za vita vya pili, ila mpya kabisa, zimefananishwa na za zamani hadi kwenye skrubu. Walizinunua watu wa mbali waliopenda kuvaa sare za babu zao na kulala kwenye mahandaki siku za mapumziko. Bonde lote, toka mto Mella hadi juu kwenye malisho, lilikuwa limekula kwa bunduki tangu enzi za mababu. Vita vilipokwisha likaendelea kula kwa kumbukumbu zake.

Faustino, mjaribu bunduki, alirudi kutoka kwenye handaki la kujaribia akisukuma toroli. Bunduki ishirini, na hata moja haikulia. Kila alipovuta kifyatulio, ilisema ta, basi.

Ivan, mchoraji wa mitambo, alizifungua. Sindano, ile pini inayogonga tako la risasi, ilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Akapima sampuli waliyoinakili. Nayo ilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Hakuna aliyemlaumu. Kwetu bondeni sampuli haisahihishwi. Ukiisahihisha unajifanya fundi kuliko waliokutangulia, na hata kwenye saluni ya kunyoa watakusema.

Sampuli hiyo ilitoka kwenye kabati la kioo la mwenye kiwanda, Bwana Gaudenzio Moreschini. Ilitengenezwa mwaka wa arobaini na nne, Wajerumani walipokikalia kiwanda. Marehemu baba yake, Achille, ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu, na baada ya vita alieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizipunguza sindano kwa siri ili bunduki za Wajerumani zisilie. Kwa ajili hiyo jina lake liliandikwa kwenye bamba la marumaru pale uwanjani, shule ikaitwa kwa jina lake, na baadaye kiwanda kikawa chake. Wageni walionyeshwa bunduki ile kupitia kioo. Hakuna aliyewahi kuifungua mpaka Ivan.

Ermelinda aliomba aione sindano ile ya zamani. Akaisogeza dirishani. Ncha yake ilikuwa imelala upande, kama majani yaliyokanyagwa, na huo ni mlalo wa mtu anayepiga tupa kwa mkono wa kushoto. Achille alikuwa wa mkono wa kulia. Kwenye mabenchi ya zamu yake, mashoto alikuwa mmoja tu, Santina, dada yake Ermelinda, aliyepakiwa kwenye lori la Wajerumani akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya Achille kuandika kwenye daftari la kiwanda kwamba ameiba tupa. Hakurudi. Mama yao alikufa akiitwa mama wa mwizi. Ermelinda hakuwa na haja nyingine duniani ila hii moja: jina la dada yake liandikwe kwenye bamba lile naye akiwa bado hai alione.

King'ora cha saa sita kilipolia, Santina aliingia kwa lango la ua. Alikuwa bado na miaka kumi na tisa, kitambaa kichwani, mitalawanda ya mbao miguuni. Alitundika koti lake, akaenda benchi la dirisha la tatu. Aliyekuwa amekaa hapo akasogea. Faustino akamuuliza kama aletewe kiti, akasema wao walizoea kusimama.

"Umezeeka, we mtoto," alimwambia Ermelinda.

"Wewe umechelewa, dada."

"Njia ilikuwa mbaya."

Ermelinda akakata polenta yake baridi, ile sima ya mahindi, vipande viwili na jibini vipande viwili, wakala. Santina alisema jibini limepungua chumvi. Wafanyakazi walisogea na vyakula vyao, naye akawasimulia jinsi wasichana arobaini walivyokuwa wakiteremka njia ya punda kulipopambazuka, mitalawanda ikilia kwenye mawe hadi mbwa wa vijiji vitatu wakajua ni saa ngapi. Akasema njugu za mlimani, zile pana zinazoanguka mitini, walikuwa wakizichoma juu ya mfuniko wa tanuri, na harufu yake ilishinda ya grisi. Waliimba chini ya kelele za mashine ili msimamizi aone midomo inacheza asisikie neno. Wazee waliokuwepo wakainamisha vichwa, maana harufu ile waliikumbuka. Faustino akauliza habari za mama yake, aliyefanya kazi benchi la pili enzi zile.

"Mama yako? Alikuwa na mdomo kuliko mashine," Santina alisema. "Lakini soksi zake alituazima wote."

Faustino alifurahi siku nzima.

Wanunuzi walitaka bunduki zinazolia, hivyo Ivan akavunja mwiko, akarekebisha mchoro usiku wa siku ile, akatoa sindano ndefu. Kufikia jioni ya pili Santina alikuwa amezipunguza zote kwa tupa yake, kwa unene wa ukucha. Ivan akaenda kumbembeleza.

"Dada, hizi si za Wajerumani."

Santina akauliza zinakwenda wapi. Ivan akamweleza habari za wale wanaovaa sare za babu zao.

"Wanavaa sare za nani?"

Ivan alikuwa mkweli. Akasema wengine huvaa za Kijerumani.

"Haya," alisema Santina, akaendelea.

Mwisho wa juma Ermelinda alijifunga shali, akapanda ofisini na sindano mbili, ya zamani na ya jana. Bwana Gaudenzio aliziweka chini ya lenzi, akaziangalia muda mrefu.

"Ni mkono wa kushoto," alikubali. "Na baba alikuwa wa kulia. Mashavu yangu yanajua."

"Basi bamba liandikwe upya."

"Bi Ermelinda, jiwe lile limejaa. Nikianza kulichokoa nitaanza na baba yangu. Na watoto wa shule niwaambieje?"

Akasema hata hivyo si haki kuamua bila mwenyewe. Santina akaitwa, akaja akijifuta mikono. Bwana Gaudenzio akatoa daftari la zamani, akamsomea mstari wake: ameiba tupa moja.

"Tupa ni yangu," Santina alisema. "Baba alininunulia nilipoanza kazi." Akaiweka mezani.

Bwana Gaudenzio alionekana kupumua. Akachukua kalamu, akaandika pembeni ya mstari ule: *Tupa imerudishwa.* Akatia tarehe na sahihi. Ermelinda akamuuliza kuhusu neno ameiba. Akajibu kwa upole kwamba daftari la kiwanda halifutwi, huongezwa tu. Akamrudishia Santina tupa yake ili aweze kuendelea na kazi.

Bunduki zisizolia zikauzwa kama za kutundika ukutani. Wanunuzi walizipenda kuliko zinazolia. Kila sanduku lilikuwa na kadi iliyosimulia ushujaa wa Achille Moreschini, na Santina, kwa kuwa benchi lake lilikuwa karibu na mlango, ndiye aliyezitia kadi masandukuni. Hakujua kusoma vizuri. Ermelinda alimsomea moja. Akasema karatasi yake ni nzuri.

Aprili ishirini na tano, sikukuu ya ukombozi, bendi ilipiga, meya akahutubia, shada la maua likaletwa mbele ya bamba. Lilikuwa zito na wazee wa chama cha wapiganaji wa zamani walikuwa wamechoka, hivyo Bwana Gaudenzio akamwomba Santina, kijana mwenye nguvu, alinyanyue. Santina alilinyanyua, akalitundika, akaunyoosha utepe wake. Ermelinda alisimama mstari wa mbele na shali yake nzuri.

Mpiga picha wa gazeti akapiga magoti. Akatazama, akashusha kamera, akamwomba binti yule asogee kidogo, maana alikuwa analiziba jina la Achille.

Santina akasogea.