Ukuta Unaolindwa

Jeneza lilikuwa mabegani mwa wanaume wanne, na mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Mama Ukumbi alisimama mbele yake, mkononi ameshika ufunguo wa kufuli ambalo halikuwapo tena.

"Mwanangu, nifungulie," alimwambia mlinzi. "Ni mume wangu. Chumbani kwetu jeneza halipiti mlangoni. Tumuage hapa kama tulivyowaaga wengine, kisha tuondoke."

"Pole sana, mama. Lakini nina amri."

Jengo lile kuukuu la mawe lilikuwa sebule ya mtaa mzima. Watu wa vyumba vya kupanga, ambamo mtu akijinyoosha hugusa kuta zote mbili, waliwaoza watoto wao humo, walipatanishwa humo, walilaza maiti wao humo. Kila kaya ilikuwa na zamu ya kufagia, na aliyekwepa alitaniwa mpaka akaushika ufagio mwenyewe. Mama Ukumbi ndiye aliyesimamia zamu. Mumewe, seremala, ndiye aliyeunda mabenchi.

Kisha ikaja habari kwamba wakaguzi wa majengo ya kale watapita. Ukuta wa mbele ulikuwa ukimomonyoka, na mtaa mzima uliona haya, kama mtu aliyefikiwa na wageni godoro la kikojozi likiwa bado limeanikwa uani. Seremala akawakusanya majirani. Wakatafuta saruji, wakaupiga lipu ukuta wote huku wakiimba, ukang'aa kama sahani.

Afisa aliyewaongoza wakaguzi aliugonga kwa kidole mara moja tu.

"Nani amefanya haya?"

"Sisi wenyewe," seremala alijibu, kifua mbele.

"Mmeuua ukuta, mzee. Mawe haya hupumua kwa chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani."

"Chokaa tuliiomba ofisini kwako, bwana mkubwa. Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na ombi lenu linashughulikiwa. Hilo haliwapi ruhusa ya kuharibu mali ya umma."

"Umma si ndio sisi?"

"Mzee, una maneno wewe," afisa alisema, akacheka, akaingia garini.

Jengo likafungwa, kwa usalama wake. Haukupita muda, wakaanza kuja wageni wenye viatu vya kung'aa, wakipima madirisha na kuzungumzia hoteli. Seremala aliwatazama kutoka kizingitini kwake. Chakula kikamshinda, kisha maneno, kisha pumzi.

"Shemeji, fanya hima," kinyozi, mmoja wa wale wanne, alinong'ona chini ya jeneza, jasho likimtiririka. "Huyu bwana kajichongea mbao nzito makusudi. Hata akifa lazima tufanye kazi."

Mama Ukumbi nusura acheke. Akamgeukia tena mlinzi.

"Baba yangu, dakika chache tu. Sisi wenyewe tutafagia tukitoka."

Mlinzi aliinamisha macho. Akakaa kwenye benchi lililotolewa ukumbini, mojawapo ya yale ya seremala.

Jeneza likamlemea kinyozi. Akajisogeza, akaiegemeza pembe ya jeneza kwenye ule ukuta waliousiriba kwa mikono yao.

Mlinzi akaruka kutoka kwenye benchi.

"Jamani, msiegemeze hapo! Nitafukuzwa kazi. Ukuta huu unalindwa!"

Wanaume wakajikaza, wakalinyanyua jeneza tena, wakasimama nalo katikati ya njia, juani. Mlinzi akalivuta benchi la marehemu mpaka kivulini, akapangusa vumbi kwa kiganja, akakaa.