Mkwe wa Dirishani

Wakati wa kipupwe jua la Ufipa ni la kutazama tu, halichomi. Linashuka juu ya Katandala likiwa jekundu. Vumbi la ng'ombe wanaorudi linasimama njiani kama moshi wa kuni mbichi, na upepo wa baridi unalisukuma mpaka mlangoni kwetu. Saa hiyo, Nyanda mume wangu, saa ya vumbi jekundu, ndiyo tuliyowasha televisheni.

Uliileta kutoka Tunduma juu ya lori lililokuwa limepeleka mahindi, umeizungushia blanketi kama mgonjwa. Ndiyo miaka ile biashara ilipofunguliwa, na kila kitu kikawa kinapita Tunduma: viatu, masufuria, mafuta ya nywele. Uliuza maksai uliowapenda, wala hukunung'unika. Mzee Eustaki wa mtaani alipoona dishi likisimikwa juu ya bati, aliuliza kama linakinga mvua.

Ndipo Fidelina wa tamthilia akaingia nyumbani kwetu. Binti wa nchi ya mbali, mtumishi katika jumba la tajiri, nywele mpaka kiunoni, machozi karibu. Kijana wa jumba alimpenda, mama wa kijana hakumtaka. Ni hivyo tu. Lakini hivyo tu ilitosha kuhamisha mazoezi ya kwaya. Ilitosha kuwafanya wasichana wa Chanji wanyooshe nywele kwa kitana cha moto. Ilitosha hata Suma, jirani yetu aliyetoka Mbeya, ampeleke mwanawe ubatizoni kwa jina la Fidelina, na kanisa zima likaitikia amina.

Mwaka huohuo mama yangu, Bertila, alikuja kutoka Matai baada ya kumzika baba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuja na mkeka wake, na jina moja tu la kukuita wewe: huyo mtu wako.

Maana alipoingia sebuleni, ulitoka. Alipokuja uani, ulizunguka nyuma ya nyumba. Kwenu Wasukuma mwanamume hakai uso kwa uso na mama wa mkewe. Heshima kwenu ni kujiondoa. Kwa mama yangu heshima ni kusogea, kuinama, kuuliza habari za mgongo. Basi kila ulipomheshimu, yeye aliona ametukanwa. Nilimweleza, Nyanda. Nilimweleza mpaka ulimi ukaota sugu.

"Mtu anayekupenda hakukimbii, Klementina," alisema. "Huyo mtu wako ananiona mchawi."

Akafunga mzigo. Lakini jioni hiyo Fidelina alikuwa amefungiwa stoo, na mama hakuweza kuondoka bila kujua nani atamfungulia. Akaketi. "Tamthilia hii ikiisha," akasema, "unanirudisha Matai." Matai nyumba ilikuwa tupu, kisima kilikuwa mbali, na macho yake ndiyo yale. Niliogopa kumpoteza, na niliogopa kwamba nikimpoteza nitakulaumu wewe.

Haikuisha. Mungu ashukuriwe, haikuisha! Fidelina alifunguliwa, akasingiziwa wizi, akapoteza kumbukumbu, akazaa, mtoto akaibwa. Tukavuna mahindi, haikuisha. Tukapura ulezi, haikuisha. Kanisa likaezekwa upya, haikuisha. Umeme ulikatika wiki nzima, ukarudi, ukamkuta Fidelina analia vilevile. Bado? mama aliuliza. Bado, Mama, nilijibu, haijaisha. Na kila nilipolitamka neno hilo nililala vizuri.

Waigizaji walisema Kiingereza, kwa hiyo mimi nilikuwa mdomo wao. Ukungu ulipokaza, nikawa pia macho ya mama. Wewe ulikaa nje, chini ya dirisha lililo nyuma ya kiti chake, umejifunika blanketi, unasikiliza. Hukuwahi kuiona picha ya televisheni yako mwenyewe. Nilikuhurumia, nikakucheka, nikakupenda.

Kisha mafua yakanikaba. Jioni moja kwenye kioo hakuna aliyesema, muziki tu, na mama anauliza, kuna nini, kuna nini? Nikafungua kinywa, ukatoka upepo. Ndipo nikasikia sauti dirishani. Ulikuwa umesimama.

"Mayu," ulimwita, kama mnavyowaita mama zenu, "binti anashuka ngazi. Kavaa bluu. Nje kuna farasi, mbavu zinahesabika. Hawamlishi vizuri."

Mama hakugeuka. Wewe uliona kisogo chake tu, yeye hakuona kitu. Heshima yako ilibaki salama. Nikasubiri tusi lije.

"Farasi huyo," mama alisema hatimaye, "ni wa nani?"

Sauti yangu ilipopona, hakuna aliyeihitaji. Kiingereza hukijui, basi ulisema unachokiona, na usichokielewa ulikijaza mwenyewe. Kwako kila tajiri alikuwa na zizi, kila ugomvi ulikuwa wa malisho. Nilisikia uongo mtupu, nikauma mdomo. Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Lakini aliponisemesha jikoni, bado ulikuwa huyo mtu wako.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Walitangaza kwamba Ijumaa ndiyo mwisho. Mama akakunja mkeka, akaufunga kamba, akauegemeza mlangoni. Ahadi ni deni, alisema.

Fidelina aliolewa. Kengele zikalia, watu wakaimba, majina yakapanda kwenye kioo mpaka yakaisha. Ikaingia taarifa ya habari, mwanamume anasoma bei za mbolea kwa Kiswahili safi. Hata asiyeona alijua. Nikautazama mkono wa mama ukipapasa fimbo yake ya kutembelea.

Na wewe, dirishani, hukunyamaza.

"Mayu, bado wanatoka kanisani. Mvua imeanza. Mama wa bwana harusi amesimama peke yake, anataka kwenda kwao. Wanamwomba asiende. Hawajui kuomba vizuri, Mayu, lakini wanamwomba."

Msomaji wa habari akazidi kuifunika sauti yako. Nilijua unatunga. Mama alijua. Nawe ulijua kwamba tunajua, ukaendelea tu, umeshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Mama akailaza fimbo sakafuni.

"Klementina," akasema, "zima hiyo televisheni. Simsikii mkwe wangu."